Neno Fupi, Alama Tele: Maneno ya Herufi Mbili katika Mchezo wa Scrabble na Funzo Lake kwa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Methali hii ina maana pana katika maisha, lakini ni nadra kuitumia kwa maneno yenyewe. Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kumsifu mwenzetu anayejua msamiati mrefu na mzito, tukawapuuza "na", "la", "tu" na "si" kana kwamba ni vumbi la lugha. Hata hivyo, uko mchezo mmoja mashuhuri ambamo maneno hayo madogo ndiyo humpa mchezaji ushindi. Mchezo huo ni Scrabble.

Makala haya yananuia kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza namna maneno mafupi yanavyozalisha alama nyingi katika mchezo huo. Pili, yataonyesha kwa nini vipande vilivyoundwa kwa ajili ya Kiingereza haviwezi kuitumikia lugha yetu. Tatu, yatajadili swali ambalo halina budi kujibiwa na yeyote anayetaka kuunda mchezo wa namna hii kwa Kiswahili: neno fupi la Kiswahili ni lipi?

Asili ya mchezo na hesabu yake

Scrabble ilibuniwa na Mmarekani Alfred Mosher Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi uliotikisa Marekani katika miaka ya 1930. Ili kujua kila herufi ipewe thamani gani, Butts alihesabu herufi zilivyojitokeza katika kurasa za magazeti. Herufi iliyotumika kwa wingi aliipa thamani ndogo, nayo iliyoonekana kwa nadra akaipa thamani kubwa. Mnamo 1948 mwenzake James Brunot aliusajili mchezo huo kwa jina la Scrabble.

Ubao wa mchezo una miraba 225, yaani 15 kwa 15. Mfuko una vipande 100: vipande 98 vina herufi, na 2 ni vitupu, vinavyoweza kusimamia herufi yoyote bila kuleta alama. Katika toleo la Kiingereza, herufi kama A, E, I, O, U, N, R, S, T na L zina alama 1 kila moja. K ina alama 5, J na X zina 8, na Q na Z zina 10. Kila mchezaji hushika vipande 7. Akivitumia vyote kwa zamu moja, huongezewa alama 50. Baadhi ya miraba huzidisha thamani ya herufi mara mbili au mara tatu, na mingine huzidisha thamani ya neno zima.

Kutokana na zawadi hiyo ya alama 50, mchezaji mgeni hudhani kuwa siri yote ya mchezo ni kutafuta maneno marefu. Zawadi hiyo ni muhimu, wala hakuna bingwa anayeipuuza. Lakini haipatikani kila zamu. Zamu nyingi huamuliwa na vipande viwili, vitatu au vinne, na hapo ndipo neno fupi linapodhihirisha uwezo wake.

Njia nne za neno fupi

Njia ya kwanza ni kuandika sambamba. Sheria ya mchezo husema kuwa kila neno jipya linalotokea ubaoni, liwe la kulala au la kusimama, huhesabiwa alama zake. Kwa hivyo, kipande kimoja kinaweza kulipwa mara mbili kwa zamu moja. Tuchukue mfano wa Kiswahili. Tuseme ubaoni pamekwisha kuandikwa neno "mtu". Mchezaji mwenye U, A, S na I anaweza kuandika "uasi" chini yake hivi:

M T U
– U A S I

Mchezaji huyu ameweka vipande vinne, lakini ameandika maneno matatu: "uasi" kwa kulala, "tu" kwa kusimama, na "ua" kwa kusimama. Iwapo kila herufi ina alama 1, na hakuna mraba wa kuzidisha, "uasi" lina alama 4, "tu" 2 na "ua" 2. Jumla ni 8. Neno hilohilo likiandikwa mahali pasipogusana na mengine kwa namna hii, lingemletea alama 4 tu. Yamkini msomaji ameona kilichomsaidia. Si ujuzi wa neno "uasi", kwani kila mtu analijua, bali ni kukumbuka kuwa "tu" na "ua" ni maneno kamili.

Njia ya pili ni kuiweka herufi ghali kwenye mraba wa kuzidisha, kisha kuifanya isomeke pande mbili. Wachezaji wa Kiingereza hulipenda sana neno "qi", lenye asili ya Kichina, ambalo humaanisha nguvu ya uhai. Tuseme ubaoni kuna neno linaloishia kwa I, na mraba ulio juu ya hiyo I ni wa kuzidisha herufi mara tatu. Mchezaji akiweka Q hapo, kisha I nyingine kuliani kwa Q, huwa ameandika "qi" mara mbili: kwa kushuka na kwa kulala. Q ina thamani ya 30, na I ina 1. Kila "qi" ina 31, na jumla ni 62. Alama 62 kwa vipande viwili! Mwenzake aliyepanga neno la herufi tano zenye alama 1 kila moja kwenye miraba ya kawaida hupata 5 tu.

Njia ya tatu ni kutunza vipande vilivyobaki mkononi. Anayeandika neno refu hupokea vipande vingi vipya kutoka mfukoni, wala hajui vitakuwa vipi. Anayeandika neno fupi huchagua cha kutoa na cha kuhifadhi. Huweza kuondoa irabu zilizozidi na kubakiza mchanganyiko mwema kwa zamu ijayo. Mchezaji wa bao la kete anaielewa hekima hii: hatazami mtaji wa sasa tu, bali hutazama pia kete zitakavyokaa baada yake.

Njia ya nne ni kufunga mlango. Neno refu hufungua nafasi nyingi ambazo mpinzani anaweza kuzitumia, hasa likikaribia mraba wa kuzidisha neno mara tatu. Neno fupi lililobanwa kando ya mengine huacha ubao ukiwa mfinyu. Aidha, mchezo unapomalizika, thamani ya vipande ambavyo mchezaji hakuvitumia hupunguzwa kutoka kwa alama zake. Neno la herufi mbili laweza kumtua mzigo huo katika zamu ya mwisho.

Haya si mawazo matupu. Mnamo Novemba 2015, katika mji wa Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Baada ya ushindi huo, vyombo vya habari vilieleza jinsi wachezaji wa Nigeria walivyojizoeza kuandika maneno ya wastani na mafupi hata pale walipokuwa na marefu, ili watunze vipande vyao na kumbana mpinzani. Kiselema kilikuwa kimelipita jembe zima.

Ni kwa sababu hizi mchezaji wa Kiingereza hukariri kwanza orodha ya maneno ya herufi mbili kabla ya kukariri kingine chochote. Orodha itumikayo Marekani ilikuwa na maneno 107 ya aina hiyo kufikia 2018. Orodha ya Collins, inayotumiwa katika mashindano ya kimataifa, ilikuwa na 127 katika toleo la 2019.

Mfuko wa Kiingereza na methali moja ya Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: je, tunahitaji nini zaidi ya kuuchukua mchezo huo na kuandika maneno ya Kiswahili kwa vipande vilevile? Jibu ni kuwa vipande hivyo vilihesabiwa kwa magazeti ya Kiingereza, na hesabu hiyo haitufai.

Tuangalie methali ambayo kila mwanafunzi anaijua: haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ina herufi 22. Kati ya hizo, A ni 9, B ni 4, H ni 3, na zilizosalia, yaani N, U, J, Z, K na I, zimejitokeza mara moja moja. Sasa tuufungue mfuko wa Kiingereza. A zimo 9, kwa hivyo zote zitakwisha. B zimo 2, na methali inadai 4. H zimo 2, na methali inadai 3. Tunapungukiwa na vipande vitatu, ilhali vipande vitupu ni 2 tu. Hii ina maana kuwa mfuko mzima wenye vipande 100 hauwezi kuandika methali moja ya maneno matano. Wakati huohuo, E zote 12 zimelala mfukoni bila kazi, pamoja na Q na X ambazo alfabeti yetu haizitumii.

Ni kweli kwamba methali moja haiwezi kuwa kipimo cha lugha nzima. Hata hivyo, yanayoonekana ndani yake yanajulikana na kila asomaye Kiswahili. Silabi zetu aghalabu ni huru, yaani huishia kwa irabu. Katika methali hiyo irabu ni 11 kati ya 22, nusu kwa nusu. Katika mfuko wa Kiingereza irabu ni 42 kati ya herufi 98. Vilevile, K imo mara moja tu katika mfuko huo, na kwa hivyo mchezaji hawezi kuandika "kuku" wala "kaka" bila kutumia kipande kitupu. Papo hapo, anayeandika "jiko" huzawadiwa alama 15, kana kwamba amevumbua neno la ajabu, ilhali jiko limo katika kila nyumba.

Lipo pia suala la herufi mwambatano. Je, "ch", "sh", "ny" na "dh" ziwe kipande kimoja au viwili? Toleo la Kihispania lina vipande vya CH, LL na RR, na la Kiwelisi lina vipande kama DD na LL. Nasi tukifuata mkondo huo, "cha" na "nya" yatakuwa maneno ya vipande viwili, na hazina yetu ya maneno mafupi itaongezeka papo hapo.

Neno fupi la Kiswahili ni lipi?

Hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno moja laweza kubeba sentensi nzima, mathalan "hatutawapikia", lenye herufi 13. Mchezaji mwenye vipande 7 hawezi kuliandika kwa zamu moja. Hata "pikia" likiwa limekwisha kuandikwa ubaoni, zinahitajika herufi nyingine 8 mbele yake. Kwa hiyo, katika lugha hii inayosifiwa kwa vitenzi virefu, mchezaji atategemea maneno mafupi kuliko inavyodhaniwa. Tukiamua vibaya yapi yakubalike, mchezo utaharibika.

Kundi la kwanza halina utata. Nomino na vitenzi kama "ua" na "oa", viunganishi kama "na" na "au", vitenzi vishirikishi "ni" na "si", kielezi "tu", kiulizi "je", na vihisishi kama "lo" na "do" vyote husimama peke yake katika maandishi.

Kundi la pili ni vihusishi vya a-unganifu: wa, ya, la, za, pa, na vilevile cha na vya. Baadhi yetu huviona kuwa viungo tu visivyo na maana kamili. Lakini othografia yetu huviandika pekee, navyo hubeba upatanisho wa kisarufi wa ngeli. Kwa maoni ya mwandishi, vikubalike bila masharti. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha anafahamu ni alama ngapi hupotea kwa sababu ya "wa" iliyowekwa mahali pa "ya". Mchezo unaomlazimu mwanafunzi kuvithamini vijineno hivi ni mwalimu msaidizi.

Kundi la tatu ni vitenzi vya silabi moja: la, fa, ja, pa, wa, cha, nya, nywa. Hapa pana ugumu. Katika matumizi ya kawaida vingi vya vitenzi hivi huhifadhi "ku-": husemi "anala" bali "anakula". Mzizi wake hausimami wenyewe katika sentensi. Hata hivyo, "la", "pa", "wa" na "cha" yataruhusiwa kwa sababu nyingine, kwani yamo katika a-unganifu, na "la" ni jibu la kukanusha pia. "Ja" nalo lina mtetezi katika ushairi wa kale, ambamo hutumika kwa maana ya "kama". Linalosalia na mjadala mkali ni "fa". Je, tulikubali kwa kuwa kamusi huorodhesha vitenzi kwa mashina, au tulikatae kwa kuwa hakuna asemaye "fa" peke yake? Mwandishi anaelekea upande wa kulikataa. Mchezo ufuate neno kama linavyoandikwa katika sentensi. Tukikubali mashina yasiyosimama, hatutakuwa na hoja ya kuvizuia viambishi "ki", "vi" na "m" visiingie mlangoni.

Kundi la nne ni tanakali za sauti. Mtu huanguka "pu", na nguo huwa nyeupe "pe". Maneno haya ni mafupi, ni ya asili, na yana ladha ya fasihi simulizi. Tukiyaacha nje, tutakuwa tumeunda mchezo wa Kiswahili usio na sauti ya Waswahili.

Lugha inayokua kwa mbele

Kuna tofauti nyingine ambayo itabadilisha hata mbinu za mchezo. Katika Kiingereza, mchezaji hurefusha neno la mwenzake hasa kwa kuongeza S mwishoni. Katika Kiswahili, ngeli na upatanisho huambikwa mwanzoni. "Lima" hupokea M likawa "mlima". "Lango" huwa "mlango", na "toto" huwa "mtoto". "Tu" laweza kupokea M likawa "mtu", au U likawa "utu". Mwishoni laweza kupokea A, I au O, tukapata "tua", "tui" na "tuo". Nalo neno dogo "ua" hupokea herufi moja mbele yake na kuzaa bua, fua, jua, kua, pua, tua, vua na zua. Herufi mbili zimezaa maneno manane, bila ya kugusa mwisho wa neno hata mara moja.

Kwa hivyo, ubao wa Kiswahili utakua kuelekea kushoto na juu zaidi kuliko wa Kiingereza. Mchezaji hodari atajifunza kulinda mraba ulio mbele ya neno lake, na kipande cha M kitakuwa na heshima kama ile ambayo S inayo kwa Waingereza. Mbinu hizi haziwezi kunakiliwa kutoka kitabu cha kigeni. Zitatokana na sarufi yetu wenyewe.

Hitimisho

Mnamo 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno. Tukio hilo linaonyesha kuwa mchezo huu waweza kuchezwa kwa kumbukumbu tupu, bila maana. Sisi tuna nafasi ya kuchagua njia tofauti. Orodha yetu ya maneno mafupi ikitungwa kwa misingi ya sarufi, kila mabishano mezani yatakuwa somo: hili ni neno au kiambishi? Ni kihusishi au ni shina la kitenzi?

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanachama wachache watakaochukua kurasa za Taifa Leo na kuhesabu herufi, kama Butts alivyofanya kwa magazeti yake. Wengine watakaoketi na kamusi na kuandaa orodha ya maneno ya herufi mbili na tatu. Na wahadhiri watakaotuamulia pale tutakapotofautiana. Vipande vyenyewe vyaweza kukatwa kwa kadibodi. Lisipofanyika hilo, tutaendelea kukutana katika kumbi za wanafunzi tukijadili makuzi ya Kiswahili mchana, na jioni tukiburudika kwa vipande ambavyo haviwezi hata kuandika "haba na haba hujaza kibaba".